Kifua cha Tumbo

Tumbo lilianza kujaa mwezi wa Rajabu.
Zubeda wa nyumba ya pili alikuwa wa kwanza kusema,
kwa jicho, si kwa mdomo:
alinitazama nikishuka ngazi, akahesabu vidole.
Mimi, na miaka hamsini na mmoja,
na damu imekatika tangu Nuru aolewe!
Tukacheka. Nakikumbuka kicheko hicho
kwa sababu kilinichoma ubavuni.

Shaabani, mbavu zilitokeza juu, tumbo likatuna chini.
Usiku ni jasho, hata foronya nikaikamua.
Hospitali ya hapa Lamu wakanipaka mafuta baridi,
wakatazama kiwambo, wakanong'onezana.
Mombasa wakapima damu; namba ikaja kubwa,
imezungushiwa wino mwekundu.
Daktari kijana alisema "uvimbe",
akasema "kizazi", akasema "umeenea",
na neno lenyewe akamwachia Lali mume wangu alifikishe.
Lali akashindwa.
Basi nikalisema mimi: saratani.
Lilikuwa na ladha ya sarafu ulimini.

Nikagawa. Mtu akijulishwa siku zake
haliachi kabati lijigawie.
Doti ya kisutu, Nuru.
Kikuku cha fedha, wifi yangu Mwanarafia.
Cherehani, yule yatima wa Bwana Famau anayejua kukata.
Na kinu cha shaba cha marehemu mama
kwa Zubeda, aliyekitamani miaka.
Lali akauza punda, Waziri na yule mweupe asiye na jina.

Nyumba ikajaa. Sijapata kupendwa vile:
uji, Yasini kila Alhamisi,
maji ya Zamzam ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.
Watu walinibusu mkono kama wanaoaga abiria.

Wakanipasua.
Daktari Mwachofi, mtu wa maneno machache,
alinieleza baadaye alichokikuta:
maji ya manjano, na juu ya utandu wa matumbo
punje, punje, punje,
mtama uliomwagika mkekani.
Kisu kilikuwa kimeshaelekea kizazi.
Akasita. Akamega kipande kama ukucha,
akakipeleka maabara, akanishona.
Wiki tatu tulingoja karatasi.

"Kifua kikuu."
"Kifua? Mimi sijakohoa."
"Cha tumbo," akasema.

Kifua cha tumbo!
Lugha yetu imeupa ugonjwa huu chumba kimoja,
kumbe una funguo za nyumba nzima.
Umeshuka ghorofa bila hodi,
umevaa nguo za mwenziwe,
na sisi tukamsomea Yasini aliyevaliwa.

Vidonge, miezi sita, bure, katika bahasha ya kaki.
Mkojo ukawa rangi ya zafarani.
Lali akapiga ukelele akidhani damu,
nikacheka, na hapakuchoma kitu.

Nikarudi Langoni na habari njema
kama mwenye sinia kichwani.
Hakuna aliyenitua.
Waliokuja kwa saratani waliondoka kwa kifua
mmoja mmoja, na udhuru: mtoto ana homa, mvua inakuja.
Zubeda alinipa chai kwenye kikombe cha plastiki
ambacho sijawahi kukiona kwake.
Nikamwambia, mapafu yangu safi,
hiki changu kimefungiwa ndani, hakina mlango wa kutokea.
"Alhamdulillahi," akaitika,
amesimama upande wa joshini.

Jana nilikwenda kudai kinu.
Akakitoa uvunguni, kimefungwa kwa leso,
hajakitumia hata siku moja.
"Nilikuwa nangoja ufe kwanza," akasema,
kisha akaushika mdomo.

Nikakaa pale pale barazani kwake,
nikamimina pilipili manga, nikatwanga.
Vumbi likapanda.
Akakohoa yeye, akakohoa hata machozi.

Nikamsogezea kile kikombe cha plastiki.